Hakimu Aliyezisoma Hukumu Zake Upya

Mtaani kwetu hapa Karatu, ukimtaja Mheshimiwa bila kuongeza kitu, hakuna atakayekuuliza ni yupi. Diwani tunaye, na wakubwa wengine hupita na magari yao, lakini cheo hicho kilishachukuliwa na mzee mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, akihamishwa huku na huku kati ya wilaya hii na ya Ngorongoro mpaka alipostaafu. Mama muuza mboga humwita Mheshimiwa anapomfungia sukuma wiki. Fundi viatu humwita Mheshimiwa huku akimwambia kwamba soli hii haishoneki tena. Mkewe naye humwita hivyo akiwa amekasirika, na siku hiyo chakula cha mchana huchelewa.

Nilianza kumjua nikiwa na duka dogo la stationeri karibu na mahakama, nikipiga chapa na kutoa kopi. Yeye aliandika hukumu kwa mkono, herufi zimelalia upande mmoja kama ngano iliyopigwa na mvua, na watu waliopewa nakala walikuja kwangu wakilalamika kwamba hawajui kama wameshinda au wameshindwa. Nikawa nazichapa upya. Nilizichapa kwa miaka mingi, nikazizoea sentensi zake jinsi mtu anavyozoea sauti ya jirani ng'ambo ya ukuta. Aliandika vizuri. Hakuwa na maneno ya kupoteza, na hakupenda kuonyesha kwamba amesoma.

Alipokuwa kazini hakumsalimia mtu barabarani. Watu walimwona ana maringo, lakini haikuwa hivyo. Aliogopa kwamba leo atampa mtu mkono, kesho mtu huyo aje mbele yake na kesi ya mpaka wa shamba. Shemeji yake wa kijijini kwao Mbulumbulu aliwahi kuwa na kesi ya namna hiyo mahakamani, japo kwa hakimu mwingine, na muda wote kesi ilipokuwa ikiendelea Mheshimiwa alimpita mlangoni mwa kanisa kila Jumapili kama nguzo. Shemeji hakulisahau hilo. Alipostaafu, mzee akageuka kabisa. Akawa anasalimia kila mtu, wengine mara mbili kwa asubuhi moja, anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mguu ule uliokuwa unauma. Majirani wakatania kwamba sasa anasalimia mpaka mbuzi.

Alikuwa na swali lake moja ambalo sote tulilichoka: "Hilo umeliona au umeambiwa?" Ukimwambia Mbulumbulu kumenyesha, anakuuliza kama umeiona mvua. Ukimwambia fulani amejifungua, anakuuliza kama umemwona mtoto. Binti yake alipoleta mchumba na kumsifu kwamba hanywi pombe, mzee aliuliza swali lilelile, na mchumba akakohoa. Pamoja na ukali huo wote juu ya ukweli, yeye mwenyewe alimdanganya mkewe kila siku kuhusu sukari. Daktari alikuwa amemkataza. Akifika ofisini kwetu alijaza vijiko kwenye chai, akakoroga taratibu, kisha akatuangalia mmoja mmoja tujue kwamba shauri hilo halina shahidi.

Mahakamani hakuna aliyethubutu kukohoa mbele yake. Shambani kwake Mbulumbulu alikaa chini na vibarua, akala makande kwenye sahani moja nao, akaacha wamcheke kwa namna anavyoshika jembe. Ndama wake alipokufa kwa kuvimbiwa, alilia machozi mbele ya watu. Nilimwona mwenyewe, kwa hiyo naweza kumjibu akiniuliza.

Duka langu lilikufa watu walipoanza kupiga picha karatasi zao kwa simu. Nikapata kazi kwenye ofisi ndogo ya msaada wa kisheria hapa mjini, na huko ndiko tulikokutana tena, mimi nikiwa mchapaji na yeye mshauri wa kujitolea. Ofisi ilikuwa imepata ruhusa ya kuchukua nakala za hukumu za zamani, za mirathi na za ardhi, ili zisomwe na kompyuta. Majina ya wadai, ya wadaiwa na ya mahakimu yaliondolewa kwanza. Yalibaki maelezo, sababu, uamuzi, na kata ambako shauri lilitokea. Mimi nilichapa zile ambazo mashine ilishindwa kuzisoma kwa sababu ya mwandiko. Mtaalamu, dada mmoja mpole aliyetoka chuo kikuu, alikaa na laptopu yake akiifundisha programu kupanga hukumu zinazofanana katika mafungu, na kuonyesha maneno yanayopenda kutembea pamoja na kushinda au kushindwa.

Siku ya kwanza Mheshimiwa alisimama nyuma ya kiti chake kwa muda mrefu.

"Inasoma au inahesabu?" akauliza.

"Kwa kweli inahesabu, Mheshimiwa," dada akasema. "Inahesabu maneno na majirani zake."

"Basi isijiite msomaji."

Hata hivyo alirudi kesho yake, na keshokutwa. Mashine ilipokosea alifurahi waziwazi. Kuna mara iliweka shauri la fahali aliyekufa baada ya kupigana, mali ya ndugu wawili wa Karatu, katikati ya kesi za mirathi, kwa kuwa ilikuta humo kifo, mali na ugomvi wa familia. Mzee alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. "Leo fahali naye amepata msimamizi wa mirathi," akasema, na kwa wiki nzima alituuliza kama warithi wa fahali wamefika. Lakini alimweleza yule dada, kwa uvumilivu ambao mashahidi wake hawakuwahi kuuona, jinsi kesi ya mirathi inavyoanza. Anayeomba kusimamia mali ya marehemu huja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mwenye pingamizi husimama, naye huulizwa yeye ni nani kwa marehemu. Mashine ikaanza kutenganisha vizuri, na yeye akaanza kuiita "mwenzetu".

Fungu la wajane lilijitokeza asubuhi moja ya kawaida. Dada aligeuza skrini tuone. Zilikuwa kesi za mirathi ambazo waliopinga walikuwa wajane, karibu wote kutoka kata za wafugaji, Malambo, Enguserosambu na nyingine za jirani, na karibu wote walikuwa wameshindwa. Neno lililoziunganisha lilikuwa moja: alisita. Akafungua hukumu moja tuione. Iliandikwa hivi: "Mwenye pingamizi aliulizwa jina la marehemu, akasita, akatazama chini. Mahakama haiwezi kuamini kwamba mke wa halali hamjui mumewe." Akafungua nyingine. Maneno yalikuwa karibu yaleyale.

Nilizitambua sentensi hizo kabla hajamaliza kuzisoma. Nilikuwa nimezichapa kwa vidole vyangu. Nikamtazama mzee.

Wakili wetu, kijana wa Arusha, alisema pengine wanawake hao waliogopa mahakama. Dada akasema huenda ni mahakimu mbalimbali walioiga maneno kutoka kwenye hukumu moja ya zamani. Majina hayakuwepo. Mheshimiwa angeweza kuitikia tu, akamaliza chai yake, na hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza.

"Ni hakimu mmoja," akasema. "Ni mimi."

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa bado ya mahakamani. Alisema hilo lilikuwa swali lake la kupimia. Mwongo hukamatwa kwa swali rahisi, si kwa swali gumu, na hakuna swali rahisi kuliko kumuuliza mke jina la mume. Wale wanawake aliwaona kwa macho yake wakishindwa kulijibu. Hakuambiwa na mtu.

"Wote, Mheshimiwa?" dada akauliza, kwa upole uleule. "Wote walikuwa waongo wa namna moja?"

Hapo mzee akasogea karibu na skrini. Kila hukumu aliiandika peke yake, siku yake, na kila moja ilikuwa na mantiki. Hakuwahi kuziona zimekaa pamoja. Akaomba simu, akampigia mtu aliyekuwa mkalimani wake wa Kimaasai miaka hiyo, ambaye sasa ni mwinjilisti huko Ngorongoro. Akaweka spika tusikie wote. Walisalimiana sana, wakaulizana mvua na mifugo, kisha mzee akauliza moja kwa moja kwa nini wale wajane walikuwa wanasita.

"Mheshimiwa," sauti ikajibu, "kwetu sisi aliyekufa hatajwi jina. Hasa na mjane wake. Wale wa zamani hawawezi kabisa. Ni kama umwombe avue nguo mbele ya watu."

"Lakini shemeji zao, ndugu wa marehemu, walishinda. Wao walitajaje?"

"Hawakutaja. Walikuja na muhtasari wa ukoo, jina limeandikwa humo. Karani ndiye alilisoma. Wewe hukuwauliza."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale pale. Kwa nini hukuniambia?"

"Kazi yangu ilikuwa kukuambia wanachosema, baba. Nao hawakusema kitu. Tena ningeanzaje, kijana kama mimi, kukufundisha wewe mbele ya mahakama?"

Mzee alimshukuru, akamwombea baraka, akakata simu. Akasema neno moja tu: "Majirani zangu." Alizaliwa Mbulumbulu. Tangu utoto alikuwa akiwaona Wamaasai wakishuka na ng'ombe zao kuja mnadani, alinunua kondoo kwao, alikula nyama nao, alifanya kazi kwao. Akachukua kofia yake, akatoka bila kumaliza chai.

Hakuonekana kwa siku kadhaa. Mkewe alisema anashinda zizini, hafanyi chochote, anasimama tu na ng'ombe. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa usingizi, na huruma hiyohiyo ilinijia pamoja na hasira. Mama yangu alikuwa mjane. Nilijua mjane akifukuzwa na karatasi ya mahakama anabaki na nini, na nilijua kwamba mzee ninayempenda kama baba aliziandika karatasi hizo kwa mwandiko wake na kwa moyo safi. Sikujua hasira hiyo niiweke wapi. Kwa muda niliielekeza kwa mashine, nikawa siigusi.

Aliporudi alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa tai. Alimwambia Wakili anataka kutoa ushahidi. Wakili akamweleza kwa heshima kile ambacho mzee alikijua vizuri zaidi: muda wa rufaa ulipita zamani, wanawake wenyewe ndio wanaopaswa kuomba kuongezewa muda, na hakimu haji mahakamani kuishitaki hukumu yake. Akaongeza, kwa nia njema, kwamba Mheshimiwa ana jina zuri wilaya mbili hizi, na mambo haya yakitoka nje watu watazichimba hukumu zake zote, hata zile za haki.

"Wazichimbe," mzee akasema. "Mimi nataka kujua hawa wanawake walipo."

Karani wa mahakama alitusaidia kuwatambua kupitia majalada, kwa ruhusa. Wa kwanza alikuwa wa Malambo, na gari la ofisi lilipokwenda huko kutoa ushauri wa kisheria, tulikwenda naye. Njiani hakuongea. Mimi niliyezoea maswali yake nilitamani aulize hata kama kile kilima nimekiona au nimeambiwa.

Tulimkuta bibi huyo kwenye boma la kaka yake, ameketi nje akishona shanga, shuka lake limefungwa begani. Mzee alivua kofia.

"Takwenya, yeyo," akamwamkia kwa Kimaasai, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Iko," akaitika, na akamtazama kwa muda. Kiswahili alikijua kiasi chake. "Wewe ni yule wa meza kubwa."

"Ndiye mimi."

Mzee hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alimwambia kwamba alimuuliza swali ambalo hakupaswa kuulizwa, kwamba aliandika kuwa hamjui mumewe, na kwamba aliyoandika si kweli. Alisema amekuja kumwambia hivyo kwa mdomo wake. Bibi aliendelea kushona kwa muda, kisha akaweka sindano chini.

"Ng'ombe walikufa kwa ukame," akasema. "Hata kwa shemeji hakubaki. Mimi silii ng'ombe. Watoto yangu walikuwa wanaambiwa kisimani, nyie si wa ile boma, mahakama imesema mama yenu hajui baba yenu. Miaka yote hiyo. Binti yangu aliolewa mbali kwa sababu ya hiyo maneno."

Mzee akaikunja kofia mikononi.

"Hiyo umesema, ni nzuri," bibi akaendelea. "Lakini umesema kwa mimi. Mimi nilikuwa najua. Ngoja."

Akamtuma mtu. Tulingoja mpaka jua likaegemea, na watu wakaanza kufika kutoka kwenye boma la pili: wanawe, vijana wa shemeji yake, na shemeji mwenyewe, mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Wakasimama nusu duara. Bibi akamwambia Mheshimiwa, "Sasa sema."

Nimemsikia mzee huyo akisoma hukumu nyingi kupitia dirisha la mahakama, na sauti yake haikuwahi kutetereka. Siku hiyo ilikatika katikati. Alisema yote, tena, mbele ya wote, na mmoja wa wana wa bibi alitafsiri sentensi kwa sentensi. Alipofika mahali pa kusema kwamba mama huyu alikuwa mke halali wa mwenye boma, na watoto hawa ni wa boma hilo, yule mwanawe alimtazama mama yake kwanza, ndipo akatafsiri. Mimi nililia. Sikuona haya.

Shemeji akauliza kama ni serikali iliyomtuma. Mzee akasema hapana, amejileta. Akauliza anataka nini. Mzee akasema hataki kitu. Shemeji akatazama chini muda mrefu, kisha akamwambia kijana wake kitu kwa Kimaasai, na baadaye tuliambiwa alisema kwamba watoto wa ndugu yake watagawiwa sehemu ya malisho yao. Sijui kama waligawiwa. Nilichokiona ni kwamba vijana wa pande mbili waliondoka wakitembea pamoja.

Bibi akaleta maziwa kwenye kibuyu. Mzee hawezi maziwa mabichi, tumbo lake linamsumbua tangu zamani, lakini aliyanywa yote. Nilikuwa nikingoja neno la msamaha, na nadhani yeye pia alilingoja. Bibi alipokea kibuyu chake, akakifunika.

"Wanawake ya namna yangu wako wengine?"

"Wapo, yeyo."

"Umeenda kwao?"

"Bado."

"Basi usikae hapa," akasema. "Nenda."

Tangu siku hiyo Mheshimiwa akawa mtu wa safari. Wakili alishughulikia maombi ya wale waliotaka kurudi mahakamani, na ombi la mmoja limeshapokelewa. Mzee alikwenda kwa miguu yake pale ambapo gari la ofisi halikwenda. Mkewe aligomba, akamfungia chakula, akagomba tena. Kwenye boma moja walimfukuza kabla hajamaliza, na kwenye jingine walimchinjia mbuzi, na aliniambia kwamba la mbuzi lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. Mjini watu walianza kusema. Kuna aliyeacha kumsalimia, na kuna aliyemletea hukumu yake ya zamani akitaka nayo ikosolewe, wakati alishindwa kwa haki kabisa. Mzee aliisoma yote, akamrudishia, akamwambia, "Hii nisingeibadilisha." Ofisini aliendelea kutia sukari kwenye chai, ila hakutuangalia tena kutafuta washirika.

Mara ya mwisho nilimkuta stendi, asubuhi, baridi ya Karatu bado iko juu ya mabati. Alikuwa anangoja gari la Mto wa Mbu ili aunganishe la Loliondo. Amekonda, koti limemzidi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja kwa majina yao.

"Leo ni wapi, Mheshimiwa?"

"Enguserosambu. Nimechelewa, binti yangu. Mjane wa huko alifariki masika yaliyopita."

Nilimpa pole. Nikamuuliza sasa anakwenda kwa nani.

"Kwa watoto wake. Wapo." Akatazama barabara. "Usiku kucha nimekuwa nikiyapanga maneno. Mimi ninalolijua ni jina lake tu, lile lililo kwenye jalada. Na jina ndilo nisiloweza kulisema mbele yao."

"Useme mama yenu."

"Boma lile lina wake wengi. Wakiniuliza ni mama yupi?"

Gari likaingia, konda akaanza kuita abiria. Mzee akaokota mfuko wake na kupiga hatua, kisha akageuka.

"Basi nitasimama mbele yao ninyamaze," akasema. "Wataamua wao kama namjua."

Akapanda, akakaa nyuma ya dereva, akaweka kofia magotini.